Fafanua tatizo kabla hujabuni: mwongozo wa utafiti wa mtaani kwa wabunifu wanaoanza

Maswali ni yale yale kila muhula na kila msimu wa mashindano ya ubunifu. Nihoji watu wangapi? Nianze na dodoso la mtandaoni? Nitajuaje kwamba tatizo langu ni la kweli? Na lile linalokuja mwisho wakati lingetangulia: tumeshatengeneza programu, mbona watu hawaitumii?

Mwongozo huu unayajibu kwa utaratibu wa kazi. Ukiufuata, baada ya wiki mbili hivi utakuwa na ukurasa mmoja unaoeleza tatizo kwa namna ambayo hata asiyekubaliana nawe anaweza kuukagua. Ukurasa huo ndio zao la kazi hii. Mchoro, programu na mashine vinasubiri.

Tutatumia mfano mmoja ambao kila mkazi wa Dar es Salaam anaujua: wanafunzi kuachwa vituoni na daladala. Mazungumzo na mahesabu ya mfano yametungwa ili kuonyesha njia. Ya kwako utayapata kituoni.

Nadharia inatosha hii. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber, waliokuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba matatizo ya kijamii hayaji yakiwa yamekamilika kama hesabu za darasani, na kwamba namna unavyolieleza tatizo inaamua aina ya majibu utakayoyaona. Ukisema shida ni tabia ya makonda, utabuni adhabu. Ukisema shida ni mgawanyo wa fedha ndani ya gari, utabuni kitu kingine kabisa. Ndiyo maana sentensi moja inastahili wiki mbili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu wawili kwa kila mahojiano: mmoja anauliza, mwingine anaandika. Mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili vizuri.
- Daftari dogo la kushika mkononi na kalamu mbili. Kompyuta mpakato kituoni inamfanya mtu aongee kama yuko ofisini.
- Simu ya kurekodi sauti yenye nafasi ya kutosha, pamoja na chaja ya kubeba.
- Karatasi za manila 4 au 5, na vikaratasi vya kunata 150 hivi. Visipopatikana, kata karatasi nyeupe vipande vinne vinne na ubandike kwa gundi ya karatasi.
- Barua ya utambulisho kutoka chuoni au kwenye taasisi yako, nakala 5.
- Fedha ya nauli, maji, na shukrani ndogo kwa watakaokupa muda wao.
- Siku 10 za kazi. Ukiwa na 3 tu, soma sehemu ya mwisho kwanza.

Ambacho hukihitaji ni dodoso. Dodoso linahesabu majibu ya maswali ambayo tayari unajua ni ya maana, na mwanzoni hujui. Waanziaji hulikimbilia kwa sababu linaleta majibu 200 kwa siku mbili. Majibu hayo mara nyingi ni ya marafiki wa marafiki wenye bando la intaneti, na mwanafunzi aliyeachwa kituoni hayumo.

Hatua ya 1: Andika ulichopewa neno kwa neno, kisha kichambue

Karibu kila kazi huja na jibu ndani yake. "Tutengeneze programu ya wanafunzi kuripoti makonda." "Mama lishe wa Kariakoo wanahitaji mfumo wa oda." "Mtaa wetu pale Tandale unahitaji mapipa ya taka." Zote tatu zinataja kitu cha kujenga. Hakuna hata moja inayosema nani anasumbuliwa na nini.

Andika sentensi uliyopewa juu ya manila. Chini yake chora safu tatu: tunachokijua na ushahidi wake, tunachokisia, na jibu lililojificha. Safu ya kwanza ikijaa haraka, rudi uikague, maana mengi yaliyomo ni makisio yaliyozoeleka.

Kwa mfano wetu, makisio yanaweza kuwa haya: makonda wanakataa wanafunzi kwa kukosa utu, wanafunzi wana simu mkononi, ripoti itamfikia mwenye mamlaka, konda akiripotiwa atabadilika. Weka nyota kwenye matatu ambayo yakianguka, wazo zima linaanguka. Hayo matatu ndiyo maswali yako ya utafiti. Moja unaweza kulimaliza asubuhi moja bila kuhoji mtu: shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu.

Hatua ya 2: Chora ramani ya wahusika

Orodhesha kila anayeguswa: mwanafunzi, mzazi, konda, dereva, mwenye gari, mpiga debe, abiria mtu mzima, mwalimu, trafiki, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini inayopanga nauli. Mbele ya kila jina jibu mambo matatu. Hali ikibaki hivi hivi, anapata nini? Anapoteza nini? Ana uwezo wa kuamua nini?

Kisha tafuta asiyeonekana. Kwenye daladala ni mwenye gari. Hayupo kituoni, wanafunzi hawamjui, na timu nyingi humaliza utafiti bila kumtaja, wakati yeye ndiye anayepanga hesabu, yaani kiasi cha fedha anachotaka kuletewa kila siku. Karibu kila tatizo la mjini lina mtu wa namna hii: mwenye nyumba kwenye tatizo la choo, dalali kwenye tatizo la bei ya nyanya. Mweke kwenye orodha ya kuhojiwa mapema, kwa sababu kumpata huchukua siku.

Hatua ya 3: Soma kilichopo, kisha omba ruhusa

Tumia nusu siku kusoma: takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nauli zilizotangazwa, taarifa za magazeti. Kama kazi yako inahusu mafuriko au njia za mtaani, anza na ramani za Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 ambao uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata zinazofurika. Ramani hizo ziko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni.

Kuhusu ruhusa, kuna mambo manne:

1. Pita ofisi ya serikali ya mtaa na barua yako kabla ya kuanza kuzunguka. Mtendaji au mwenyekiti akijua uko, mtu akiuliza "hawa ni kina nani?" jibu lipo.
2. Stendi ina viongozi wake wa madereva. Wasalimie na ujieleze kwao pia.
3. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Usimhoji mwanafunzi bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na ukienda kwa njia ya shule, mkuu wa shule ajue.
4. Majina, namba za simu na sauti ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Njia rahisi ni kutochukua usichokihitaji. Andika "Konda 3" badala ya jina, na ukishaandika maelezo, futa sauti.

Hatua ya 4: Angalia kabla ya kuuliza

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Simama kituoni ukiwa na jedwali, usimhoji mtu yeyote. Fanya vipindi visivyopungua 6 vya dakika 45: vitatu mwanzo wa njia, vitatu kituo cha katikati. Gawanya kati ya asubuhi kuanzia saa 12:00, mchana baada ya saa 8:00, na jioni.

Jedwali liwe na safu hizi: saa, gari (lipe namba yako mwenyewe, usiandike namba ya usajili), wanafunzi waliokuwa wakisubiri, waliopanda, waliobaki, gari lilikuwa na nafasi au limejaa, nani alizuia.

Safu mbili za mwisho ndizo zinazobeba uzito. Mwanafunzi aliyeachwa na gari lililojaa na aliyeachwa na gari lenye viti vitupu wana shida mbili tofauti, na ukiwajumlisha huwezi kuwatenganisha tena. Hali kadhalika, aliyezuia huenda ni konda, huenda ni mpiga debe, huenda ni abiria aliyekaa mlangoni, na wakati mwingine mwanafunzi mwenyewe alisita hata kabla hajaambiwa neno. Mwanafunzi anayesita ni ushahidi mkubwa: ameshazoea kukataliwa kiasi kwamba hajaribu.

Onyo: usipige picha wala video. Ukitoa simu mbele ya gari, tabia inabadilika papo hapo, na utakuwa umehesabu kitu ambacho kesho hakitakuwepo. Usihesabu pia wakati wa likizo, wiki ya mitihani, au siku ya mvua kubwa pekee. Siku ya mvua ihesabu, lakini iandike peke yake.

Hatua ya 5: Andaa maswali ya mara ya mwisho

Watu hawajui watakachofanya kesho, ila wanakumbuka walichofanya jana. Maswali yako yote yaegemee tukio moja lililotokea.

- Badala ya "Ungetumia programu ya kuripoti konda?" uliza "Mara ya mwisho ulipoachwa kituoni, ulifanya nini baada ya hapo?"
- Badala ya "Wanafunzi wanapata shida kiasi gani?" uliza "Jana ulitoka nyumbani saa ngapi? Shuleni ulifika saa ngapi? Hapo katikati ilikuwaje?"
- Badala ya "Kwa nini mnawakataa wanafunzi?" uliza "Hebu nielezee tripu ya kwanza ya jana, tangu gari lilipotoka mpaka lilipofika."

Ukimuuliza mtu "kwa nini", anaanza kujitetea. Ukimuuliza "ilikuwaje", anasimulia, na sababu inatoka yenyewe njiani. Ile mbinu ya kuuliza "kwa nini" mara 5, iliyoenea kutoka viwanda vya Toyota, ifanyeni ninyi kwa ninyi mezani, si usoni mwa mtu. Hata mezani, kila "kwa nini" ipeni majibu mawili au matatu. Ukifuata mstari mmoja tu utafika kwenye sababu uliyokuwa nayo kichwani tangu mwanzo.

Maswali 6 hadi 8 yanatosha kwa nusu saa. Na usitaje wazo lako. Mtu wa Dar mwenye adabu zake hatakuambia wazo lako baya. Atasema "zuri sana, hongereni", na utarudi nyumbani na hongera badala ya taarifa.

Hatua ya 6: Hoji

Chagua saa yao, si yako. Konda na dereva wanapatikana kati ya saa 4:00 na saa 6:00 asubuhi, gari likiwa kwenye foleni ya kupakia. Mama lishe ni baada ya saa 9:00 alasiri, vyombo vikishaoshwa. Mzazi anayefanya biashara, jioni au Jumapili.

Salimia ipasavyo na usikimbilie swali. Kisha jieleze kwa maneno ya namna hii: "Habari za kazi, kaka. Sisi ni wanafunzi wa chuo, tunajifunza usafiri wa wanafunzi unavyokwenda. Hatujatumwa na LATRA wala trafiki. Hakuna mradi wala posho. Ukiwa na nusu saa wakati gari liko kwenye foleni, tungeomba tuongee. Swali usilolipenda tunaliruka." Sentensi ya posho ni muhimu. Mtu akidhani nyuma yako kuna mradi, atakueleza shida kubwa kuliko zilizopo ili mradi uje. Shukrani, iwe vocha au chai na chapati, itolewe mwishoni bila kuahidiwa mwanzoni.

Hivi ndivyo kipande cha mahojiano mazuri kinavyoweza kwenda:

— Jana jioni, tripu ya kurudi, mlipakia madenti wangapi?
— Jana? Wanne. Siku nyingine wawili.
— Waliobaki ilikuwaje?
— Sasa braza, gari si langu. Tajiri anataka hesabu yake imetimia. Jioni nikijaza madenti, mimi na dereva tunagawana nini?

(Muulizaji ananyamaza. Mwandishi anaendelea kuandika.)

— Ila mchana tunawabeba. Mchana gari halijai, hata mia mbili ni hela.

Jibu la mwisho halikuulizwa. Limetoka kwa sababu muulizaji hakukimbilia swali linalofuata. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kila mtu anapomaliza kusema. Na tazama lilichofanya: konda yule yule, wanafunzi wale wale, mchana anawabeba na jioni anawaacha. Kisio la "kukosa utu" haliwezi kueleza tofauti ya saa. Hapo ndipo pa kuchimba.

Mbinu ya kuchimba ni kuomba uonyeshwe. Mpe vizibo 20 vya soda, kila kimoja kikiwa badala ya shilingi 10,000, umwombe apange fedha ya jana: mafuta, hesabu ya tajiri, matumizi ya njiani, kilichobaki. Mkono wake utakuonyesha kilichotangulia kutengwa na kilichosubiri mwisho. Kwenye utaratibu wa hesabu, mwenye gari anapokea kiasi kilichopangwa hata siku ikiwa mbaya, na dereva na konda wanaishi kwa kinachobaki. Tuseme gari lina viti 30 na nauli ni 600. Likijaa watu wazima, tripu inaleta 18,000. Viti 10 vikikaliwa na wanafunzi kwa nauli yao ya 200, inaleta 14,000. Ile 4,000 iliyopungua haitoki kwa tajiri. Inatoka kwa watu wawili waliomo ndani ya gari, kila tripu ya saa za msongamano. Kama gari lina deiwaka (dereva au konda wa muda) siku hiyo, uliza naye analipwaje, maana mgawanyo wake ni mwingine.

Kuhusu idadi: hoji watu 5 hadi 8 kwa kila kundi la wahusika, na uache pale wawili au watatu wa mwisho wasipokuongezea jambo jipya. Ile kauli kwamba "watu 5 wanatosha" imetokana na kazi ya watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya miaka ya 1990, kuhusu kutafuta kasoro za matumizi kwenye kitu ambacho tayari kimetengenezwa. Haihusu kuelewa tatizo la makundi 5 yenye maslahi yanayogongana.

Hatua ya 7: Andika siku hiyo hiyo

Kaeni chini kabla ya kulala. Kila jambo moja liende kwenye kikaratasi kimoja, likiwa na alama: S kwa kilichosemwa, O kwa kilichoonekana, T kwa tafsiri yenu. Ongeza namba ya mhojiwa na saa. Andika kwa maneno ya mtu mwenyewe. "Jioni nikijaza madenti tunagawana nini" inabaki na ushahidi ndani yake. "Konda ana changamoto za kiuchumi" haina kitu.

T zikizidi S na O kwa pamoja, mmeanza kuhubiri mapema.

Hatua ya 8: Panga vikaratasi

Mwaga vyote ukutani au sakafuni. Msianze na vichwa vya habari kama "uchumi" au "elimu", kwa sababu kila kitu kitaingia na hamtajifunza lolote. Sogezeni pamoja vikaratasi vinavyozungumzia tukio la aina moja, kisha mpe kila rundo sentensi kamili yenye kitenzi: "Gari lenye nafasi linaacha wanafunzi saa ambayo watu wazima bado wapo kituoni."

Halafu tafuta kinachopingana na rundo kubwa kuliko yote. Kama makonda 7 wanawaacha wanafunzi asubuhi na mmoja anawabeba, rudi kwa huyo mmoja. Huenda gari ni lake mwenyewe. Huenda anapita njia ambayo abiria ni wachache. Huenda ana mtoto shule ile. Kila jibu linapeleka tatizo upande mwingine, na timu inayompuuza huyo mmoja kwa sababu "ni wachache" inatupa kikaratasi cha thamani kuliko vyote ilivyokusanya.

Hatua ya 9: Andika taarifa ya tatizo

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Taarifa ina sehemu saba: nani; anajaribu kufanya nini; wapi na lini; nini kinamzuia; kwa sababu gani; anapoteza nini; na ushahidi wetu ni upi, pamoja na tusichokijua bado.

Tazama rasimu zinavyokua.

Rasimu ya kwanza: "Wanafunzi wa Dar es Salaam wananyanyaswa na makonda na wanahitaji njia ya kuripoti." Jibu limo ndani, lawama imo ndani, na "wanafunzi wa Dar es Salaam" si kundi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani. Wanafunzi wao wanakwenda shule kwa miguu, kwa bodaboda, kwa basi la shule, kwa mwendokasi. Huwabunii wote kitu kimoja.

Rasimu ya pili: "Wanafunzi hawana usafiri wa uhakika." Ni kweli, na haina kazi. Huwezi kuikanusha, kwa hiyo huwezi pia kuitumia.

Rasimu ya tatu: "Wanafunzi wa sekondari za kutwa wanaopandia kituo hiki cha katikati ya njia, kati ya saa 12:00 na saa 1:15 asubuhi siku za masomo, wanaachwa na magari yenye nafasi. Dereva na konda wanaodaiwa hesabu isiyobadilika wanapoteza sehemu ya kipato chao kwa kila kiti cha nauli ya mwanafunzi katika saa ambayo abiria wa nauli kamili wapo. Wanafunzi wanafika baada ya kengele. Tumeliona kwenye vipindi vyetu vya asubuhi na kulisikia kwa makonda na wanafunzi; hatujajua kama wenye magari wako tayari kwa mpango mwingine wa hesabu."

Hii ni ndefu na haipendezi kwenye bango. Iache hivyo. Kila kipande chake mtu anaweza kukishika na kusema "hapa si kweli".

Hatua ya 10: Ijaribu taarifa kabla ya kuiamini

Kipimo cha majibu matatu. Tajeni majibu matatu yasiyofanana yanayoweza kutoka kwenye taarifa. Kwa hii yetu: mpango wa hesabu tofauti kwa saa za shule, magari ya wanafunzi yanayolipiwa na wazazi kwa mwezi, shule za njia moja kupishana saa za kuanza. Mkipata jibu moja tu, taarifa bado imelibeba jibu.

Kipimo cha kukanushwa. Andikeni mtakachokiona mkijua mmekosea. Hapa: kama mchana, magari yakiwa matupu, wanafunzi bado wanaachwa kwa kiwango kile kile, basi sababu si fedha ya saa za msongamano. Kisha nendeni mkaangalie mchana.

Kipimo cha wenyewe. Wasomeeni watu 4 au 5 mliowahoji, kila kundi angalau mmoja, mkiuliza "tumekosea wapi?" Msiulize "ni kweli?", kwa maana jibu litakuwa ndiyo.

Ukikwama

*Kila mtu anasema hamna shida.* Umeuliza kwa ujumla. Rudi kwenye jana: saa, kiasi, nani alikuwepo. Kama bado hakuna shida, kubali. Huenda kundi hilo kweli halina, na umeokoa miezi.

*Watu wanakusanyika na kujibu kwa niaba ya mhojiwa.* Usiwafukuze. Geuza iwe maongezi ya wote kwa dakika kumi, andika wanapobishania, kisha umwombe mhojiwa msogee pembeni au umfuate wakati mwingine.

*Majibu yote yanafanana tangu mtu wa pili.* Ama mmehoji watu wa kijiwe kimoja, ama swali lina jibu ndani. Badilisheni kituo kwanza.

*Makundi mawili yanapingana.* Mwanafunzi anasema alikataliwa, konda anasema alimpakia. Msichague wa kumwamini. Angalieni jedwali la hatua ya 4. Mara nyingi wanazungumzia saa mbili tofauti.

*Mfadhili au mwalimu anataka programu, si taarifa.* Mpelekee makisio matatu yenye nyota, na mbele ya kila moja mlichokiona. Mtu huachia jibu lake kwa urahisi zaidi anapoonyeshwa kisio lililoanguka kuliko anapoambiwa amekosea.

*Muda ni siku tatu.* Siku ya kwanza, hatua ya 1 na vipindi viwili vya kuangalia, na barua iwe imeshafika mtaani kabla. Siku ya pili, mahojiano 5: mawili kwa anayeumia, mawili kwa anayesababisha, moja kwa asiyeonekana. Siku ya tatu, kupanga na kuandika. Sehemu ya "tusichokijua" itakuwa ndefu, na ni sawa. Kama wanaoumia ni watoto, siku tatu hazitoshi kupata ridhaa, kwa hiyo hoji wazazi na walimu.

*Sababu iko nje ya uwezo wenu.* Hamwezi kupanga nauli wala kumlazimisha tajiri. Rudini kwenye ramani ya wahusika, kwenye safu ya uwezo wa kuamua. Tafuteni mtu wa chini kabisa anayeweza kubadilisha kitu kimoja bila kuomba kibali kwa mtu mwingine: mkuu wa shule na saa yake ya kengele, kikundi cha wazazi wa mtaa mmoja, mwenye gari mwenye magari mawili tu. Andikeni taarifa upya kwa ukubwa wa mtu huyo, mkitaja wazi sehemu ya tatizo mliyoiacha na ni nani mwenye uwezo juu yake.